Dawa ya Khofu Iliyobaki Moyoni

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Sifa zote njema ni zake Yeye aliyemuumba binadamu akamtia moyo na akili, na sala na salamu zimfikie Mtume Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Jueni, enyi ndugu Waislamu, ya kwamba khofu ni mbili. Iko khofu ya mtu aliye mbele ya khatari, na hiyo ni mlinzi wake. Na iko khofu inayobaki baada ya khatari kwisha kupita, ikakaa moyoni miezi na miaka, ikamnyima mtu usingizi, ikamtoa katika kazi yake na katika safu za msikiti. Hii ya pili ndiyo iliyokusudiwa katika kurasa hizi, kwa kuwa wenye nayo ni wengi na wenye kuitaja ni wachache. Na mwanamume wa pwani khasa huona ni aibu kuitaja.

KHABARI YA HANANG

Katika bara ya Tanzania, mkoa wa Manyara, ziko nchi za Mbulu na Hanang. Tangu Masieda upande wa Mbulu hata Katesh chini ya mlima Hanang, watu wengi ni wakulima na wafugaji, Wairaqw na Wabarbaig na wengineo. Kwa watu hao mvua ni riziki. Huyatazamia mawingu yake, na ikichelewa huomba.

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, nao ni mwaka 1445 wa Hijra, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima Hanang ilimeguka. Mlima huo wapita mita 3,400 kwa urefu. Matope na mawe na magogo yakateremka kwa kishindo, yakapita katika mji wa Katesh na katika vijiji vya jirani, kama Gendabi. Wakafa watu zaidi ya 80, na nyumba nyingi zikafukiwa pamoja na vilivyomo. Wako waliosema mlima umetapika moto. Lakini wataalamu wa serikali walichunguza, wakaeleza ya kwamba haikuwa volkano, bali ni mwamba ulionyonya maji mengi hata ukalegea ukakatika.

Matope yaliondolewa, na njia zikafunguliwa. Walakini liko jambo ambalo jembe na koleo haviwezi kulichimbua. Chukueni mfano wa mtu aliyeokoka siku ile. Akisikia mvua ikipiga bati usiku, moyo wake hwenda mbio, mikono ikatetemeka, akawaamsha watoto akawatoa nje gizani, na hali mlima umetulia wala hapana lililotokea. Mchana aomba mvua kwa ajili ya mahindi yake, na usiku mvua ikija aikimbia. Rehema ya Mola wake imekuwa kwake kama adui. Na jirani, badala ya kumhurumia, humwambia ya kuwa imani yake ni ndogo.

Wala watu wa pwani wasidhani ya kuwa mambo haya ni ya bara. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli iitwayo Spice Islander, ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama karibu na Nungwi, wakafa mamia. Haukutimia mwaka, tarehe 18 Julai 2012, meli ya Skagit ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja ikazama karibu na Chumbe. Mtu aliyeelea usiku kucha juu ya godoro akisikia sauti za wenziwe zikikoma moja moja, na mtu aliyepokea maiti ufukoni, je, ni ajabu ikiwa hawezi tena kukanyaga chombo? Naye huenda ni mwana wa baharia, na baba yake alikuwa baharia. Akiulizwa kwa nini hasafiri, husema ana shughuli.

NABII MUSA NA FIMBO YAKE

Nani awezaye kusema ya kwamba khofu ya namna hii ni upungufu wa imani, na hali Qurani yasimulia khofu ya Nabii Musa, amani iwe juu yake, si mara moja wala mbili? Musa alimpiga mtu wa Misri pigo moja, yule mtu akafa, wala hakukusudia kumwua. Akapambazukiwa mjini na khofu, akitazama huku na huku. Kisha akatoka, akakimbilia Madyan. Huko mzee mwema alimsikiliza habari zake, akamtuliza kuwa asiogope, amekwisha okoka na watu madhalimu. Na maneno hayo yalikuwa kweli. Musa akaoa, akachunga kondoo, akakaa katika amani muda wa miaka minane au kumi. Lakini alipoamrishwa kurudi kwa Firauni, alisema mbele ya Mola wake ya kuwa amemwua mtu wao, naye akhofu wasije wakamwua.

Zingatieni hapo. Miaka ilikuwa imepita, naye ni mtu aliyeteuliwa na Mwenyezi Mungu, na khofu ya Misri ingalimo moyoni. Basi miaka peke yake haiponyi, wala neno la kuambiwa usiogope peke yake haliponyi, hata likiwa limetoka kwa mtu mwema na hata likiwa ni la kweli.

Na Mola wake hakumkaripia. Alimfanyia mambo matatu. La kwanza, alimuuliza kilichomo mkononi mwake wa kuume; naye akajibu ya kuwa ni fimbo yake, auegemeayo mwili wake na kuwaangushia kondoo majani. La pili, aliamrishwa aitupe, ikawa nyoka atembeaye; Musa akageuka akakimbia bila ya kutazama nyuma, naye akaitwa arudi, akaambiwa aishike. La tatu, alipoomba mwenzi wa kumtia nguvu, alipewa ndugu yake Harun.

Qurani si kitabu cha utabibu, wala kisa hiki hakikushuka kwa ajili ya kueleza maradhi. Lakini mwenye kuzingatia ataona ya kuwa mambo hayo matatu, kukirejesha kitu kilichomo mkononi, na kukikaribia kilichokimbiwa, na kuwa na mwenzi, ndiyo ambayo matabibu wa zama hizi wameyafikia kwa njia ndefu.

MLINZI ALIYE NDANI YA KICHWA

Ndani ya kichwa, kuume na kushoto, iko sehemu ndogo ya ubongo iliyo mfano wa lozi. Na kwa umbo hilo wataalamu waliiita amigdala, neno la Kiyunani lenye maana ya lozi. Kazi yake ni ya mlinzi wa mlango. Ihisipo khatari hupiga mbiu kabla akili haijapata kufikiri: moyo hwenda mbio, damu hukimbilia mikononi na miguuni, pumzi hufupika. Sehemu ya pili, hipokampasi, ni kama karani. Huandika jambo lilikuwa wapi na lini. Na nyuma ya paji la uso iko sehemu ya kupima na kuamua, nayo ndiyo imwambiayo mlinzi atulie, ya kuwa aliyebisha hodi si mwizi.

Katika msiba mkubwa mlinzi hupiga mbiu kwa nguvu mno, na karani huandika vibaya. Mlio wa mvua, harufu ya tope, mtetemo wa ardhi, hivyo vyote hupigwa chapa. Lakini siku na mahali havishikwi sawasawa. Kwa hiyo mvua ya leo haiwi ya leo. Kila mvua ni mvua ya siku ile. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia pana jambo. Maradhi haya ni mbiu kulia na jambo hapana.

Na ushahidi wake umeonekana hata kwa wanyama. Alikuwako Urusi mtaalamu aitwaye Ivan Pavlov, aliyewafunza mbwa kutokwa na mate wakisikia ishara ya chakula. Mwezi wa Septemba 1924 mto ulifurika katika mji wa Leningrad, maji yakaingia katika vibanda vya mbwa wake, hata ikawabidi watumishi kuwatoa kwa kuogelea. Mbwa waliokolewa, na mafuriko yakakauka. Lakini baadhi yao waligeuka tabia, wakayasahau waliyofunzwa. Mmoja baada ya muda alirudi katika hali yake. Kisha maji kidogo yakapitishwa chini ya mlango wa chumba alimokuwamo, na mara taabu ile ikamrudia. Mnyama hana imani ya kupungua wala kuzidi. Hii ni kazi ya mwili, na mwili ni amana iliyoumbwa hivyo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na kushtuka kwake si dhambi.

DAWA YA KWANZA: KILICHOMO MKONONI

Mtu aliyeshikwa na khofu hii hayuko alipo. Mwili uko chumbani na moyo uko kwenye matope ya mwaka ule. Basi dawa ya kwanza ni kuurejesha moyo ulipo mwili. Mvua inyeshapo na mtu yu mahali pa salama, aketi, auegemeze mgongo wake ukutani, wala asifumbe macho. Aguse mkeka kwa viganja. Avitaje vilivyo mbele yake kimoja kimoja: taa, mlango, mtoto aliyelala. Aitaje siku ya leo na mwaka wa leo. Avute pumzi kwa upole, na aitoe kwa muda mrefu kuliko alivyoivuta. Kwani uko mshipa mrefu wa fahamu utokao katika ubongo ukafika moyoni na tumboni, na pumzi itokayo polepole huupunguza mwendo wa moyo. Akili peke yake haiwezi kuuamrisha moyo utulie, lakini pumzi ni lango lililoachwa wazi.

Elimu hii Wazungu wengi wameijua kwa jina la Jon Kabat-Zinn, ambaye mwaka 1979 huko Massachusetts, Marekani, alianza kuwafundisha wagonjwa kuzingatia wakati walio nao, akichukua mengi katika mafundisho ya Mabudha. Muislamu halazimiki kutoka katika dini yake kwa kuitafuta, kwa kuwa moyo kuhudhuria ni jambo alilotakiwa katika kila sala. Imamu Ghazali aliandika sana juu ya moyo uliohudhuria, ya kuwa ndio roho ya sala. Na Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934 wa Miladi, alitunga kitabu juu ya afya ya mwili na ya nafsi pamoja, akashauri ya kwamba, kama mtu mzima wa afya awekavyo dawa nyumbani kwa maradhi ya ghafula, vivyo hivyo ajiwekee fikira njema wakati wa utulivu, apate kuzitumia siku ya khofu.

Na dhikri isomwayo taratibu huivuta pumzi ikawa taratibu nayo. Mwaka 2001 tabibu wa Italia, Luciano Bernardi, na wenziwe walitangaza ya kuwa watu walipokariri maneno ya ibada kwa mwendo wa pole, pumzi zao zilishuka kufika kama sita kwa dakika, na mwendo wa moyo ukawa mzuri zaidi. Waliochunguzwa hapo hawakuwa wakisoma dhikri za Waislamu; lakini pumzi ya Muislamu na ya asiye Muislamu ni pumzi moja. Thawabu ya dhikri iko kwa Mwenyezi Mungu, na utulivu wa kifua ni nyongeza. Ila sala ya kudonoa kama kuku haimpi mwenyewe hili wala lile.

Wala mtu asingoje usiku wa mvua ndipo aanze kujifunza. Baharia hashoni tanga katikati ya dhoruba. Sala tano za kila siku ni mazoezi matano, kwa mwenye kuzitumia.

DAWA YA PILI: KUISHIKA FIMBO

Khofu hunenepa kwa kukimbiwa. Mtu akiikimbia mvua, mlinzi wa ndani husema: ameokoka kwa kuwa alikimbia, na safari ya pili mbiu huwa kubwa zaidi. Njia ya kumfundisha mlinzi ni kumwonyesha, si kumwambia. Aliyeokoka Katesh aanze kwa kusimama mlangoni wakati wa manyunyu ya mchana. Akiizoea hiyo, akae chini ya bati mvua ikinyesha mchana. Kisha autazame mlima kwa mbali siku ya mawingu. Mwisho alale usiku wa mvua bila ya kuwatoa watoto. Na aliyeokoka baharini akae ufukoni kwanza. Kisha aguse mashua iliyo juu ya mchanga. Kisha aketi ndani yake maji yakiwa kupwa. Kisha avuke mlango mdogo siku ya shwari. Kila daraja akae hata moyo ushuke, ndipo apande nyingine. Anayeruka madaraja huanguka.

Na wataalamu wameona ya kuwa mafunzo haya hayaifuti khofu ya kale. Ubongo huandika mafunzo mapya kando yake, ya kuwa mvua hii si ile. Kwa sababu hiyo khofu yaweza kurudi baada ya kupoa, kwa harufu tu au kwa khabari ya msiba mwingine. Asivunjike moyo mwenye kurudiwa. Musa alikuwa amekwisha mshika nyoka kwa mkono wake. Na siku ya wachawi wa Firauni, kamba na fimbo zao zilipoonekana zatembea, alihisi khofu tena nafsini mwake. Tofauti ni kuwa mara hii hakukimbia. Kupona si kukosa khofu. Kupona ni khofu kuja isikute miguu ya kukimbia nayo.

DAWA YA TATU: HARUN

Wale mbwa wa Pavlov, katika mambo yaliyowarejesha hali yao ni hili: mtu waliyemzoea kuketi nao chumba kimoja. Na binadamu ana haja zaidi. Bwana Mtume Muhammad mwenyewe, siku ya wahyi wa kwanza, alirudi nyumbani akitetemeka, akataka afunikwe. Na Bibi Khadija hakumcheka wala hakumhoji. Alimfunika hata khofu ikamtoka, ndipo akamkumbusha wema wake kwa jamaa na kwa wanyonge, kisha akenda naye kwa Waraqa bin Naufal, mtu mwenye elimu. Huo ndio utaratibu: kwanza kufunika, kisha maneno, kisha kumpeleka kwa ajuaye.

Na wajuao wapo. Katika Moshi, Tanzania, na Bungoma, Kenya, watu wa kawaida wasio matabibu walifundishwa namna ya kuwasaidia watoto waliofiwa na wazazi, waseme yaliyowapata kwa mpango na kwa hatua. Watoto 640 wakachunguzwa, na matokeo yakatangazwa mwaka 2020: katika sehemu tatu kati ya nne waliofundishwa hivyo walipata nafuu kubwa kuliko wenzao, na katika vijiji vya Moshi tofauti haikuonekana. Kwa hiyo dawa hii si ya kudharauliwa wala si ya kutiwa chumvi. Ziko pia hospitali za maradhi ya nafsi, kama Mirembe huko Dodoma, na Kidongo Chekundu huko Unguja, na Mathari huko Nairobi. Watu wa mtaani hudhani ya kuwa aingiaye humo ni mwendawazimu tu. Mwenye kuvunjika mguu hwenda hospitali wala hasemwi. Na mwenye kuvunjika usingizi ana haki iyo hiyo.

MAONYO

La kwanza: isidhaniwe ya kuwa kila khofu ni maradhi. Mwenye nyumba chini ya mteremko uliolegea, au aliye gatini mbele ya meli iliyojaa kupita kiasi, khofu yake ni ya haki, naye aondoke. Mtume alimfundisha mtu kufunga ngamia wake ndipo amtegemee Mungu; kulala chini ya mwamba uliopasuka kwa jina la tawakkuli ni kumwacha ngamia bila ya kamba.

La pili: wako ambao wakikaa kimya kuzingatia pumzi, picha za msiba huwajia kwa nguvu zaidi. Hao wafumbue macho, wasimame, watembee, wala wasijilazimishe peke yao bila ya mwongozi. Na mwenye kufikiwa na fikira ya kutaka kufa asiachwe peke yake hata saa moja. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

La tatu: hirizi inunuliwayo kwa fedha nyingi haimfundishi mlinzi lolote, ila yamfundisha mtu ya kuwa bila ya hirizi hana salama, na hiyo ni khofu juu ya khofu.

La nne, nalo ni la wazima: mwenye kumcheka ndugu yake kwa kushtuka, au kumwambia hana imani, amekaa mahali pa Firauni, si pahali pa Harun. Kila msikiti una mtu anayekaa nyuma karibu na mlango kwa khofu asiyoisema. Kumkaribia, na kuketi naye mvua ikinyesha, na kutosema mengi, ni sadaka isiyogharimu hata senti.

Ewe Mola, ulioupa utulivu moyo wa mama yake Musa siku alipomtia mwanawe mtoni, wape utulivu waja wako waliookoka na matope ya Hanang na maji ya bahari. Wajaalie mvua iwarudie kuwa rehema, na bahari iwarudie kuwa njia. Uwasamehe waliokufa, uwape subira waliobaki, na uwape wenzi wa kuwashika mkono. Amin.